Uongo kwa Watoto Usiku wa Noeli

Katika nyumba nyingi za Wakristo, kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, mtoto wa miaka mitano au sita huuliza swali ambalo wazazi wake hawakujiandaa kulijibu: je, ni kweli kwamba zawadi hizi huletwa na Baba Krismasi? Swali ni dogo kwa maneno yake, na mwulizaji ni mdogo kwa umri wake. Kwa sababu hizo mbili aghalabu hujibiwa kwa kicheko. Mimi nataka kulichukua hapa kana kwamba limeulizwa na mtu mzima mbele ya watu wazima, kwa maana ndani yake limo jambo zito: je, yawafaa wapendao kuwadanganya wawapendao kwa ajili ya furaha yao? Twasema kila siku kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hii, walakini, si fupi hata kidogo. Hupita katika vizazi, na wanaoipita ni watu wema.

Mzee huyo mwenye ndevu nyeupe, joho jekundu na gunia mgongoni ni mgeni katika nchi zetu, wala hata huko atokako umbo lake si la kale sana. Asili yake ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa mji wa Myra katika karne ya 4, ambao magofu yake yako karibu na pwani ya kusini ya Uturuki ya leo. Waholanzi humfanyia sikukuu yake usiku wa tarehe 5 Desemba, na jina walilompa ndilo lililogeuka huko Marekani likawa Santa Claus. Shairi lililochapishwa mwaka 1823 katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, lilimpa gari la theluji na wanyama wanane wa kulivuta. Mchoraji Thomas Nast, tangu mwaka 1863, akampa kitambi na uso tuujuao. Yaliyosalia yalikamilishwa na wenye maduka. Kwetu ameingia kwa njia ya shule za awali za mijini, ambazo hufanya karamu ya kufunga mwaka, na kwa njia ya maduka makubwa, ambamo kijana wa Kitanzania hutiwa ndevu za pamba katika joto la Dar es Salaam lisilomhurumia. Kadhalika ameingia kwa televisheni, ambayo haihitaji kubisha hodi.

Wazazi wetu hawakumjua. Nilizaliwa katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, na huko Noeli haikuwa na mzee wa siri. Ilikuwa na watu. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba mabasi yalianza kushusha watu waliotoka Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Nairobi, kila mmoja na masanduku yake, na vijana walikuwa tayari barabarani kuyabeba mpaka nyumbani. Safari hiyo haijakoma. Hata leo viti vya mabasi ya kwenda Moshi na Rombo huwa adimu mwezi huo, na watani wetu wa pwani husema kwamba Wachaga wakiondoka ndipo Dar es Salaam inapopata nafasi ya kupumua. Wanakokwenda ni kihambani. Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba juu na kahawa chini yake, na nyumba katikati, na zizi, na makaburi ya waliotangulia. Asiyekijua kihamba aweza kudhani kwamba watu hawa husafiri zaidi ya kilomita 500 ili wakale nyama.

Zawadi yetu sisi watoto ilikuwa moja, nayo ilikuwa nguo mpya. Lakini nguo hiyo ilikuwa na habari nyingi kabla haijavaliwa. Mama alikinunua kitambaa gulioni baada ya kuzunguka kwa wauzaji wote na kurudi kwa yule wa kwanza. Fundi, aliyekuwa na cherehani yake barazani mwa duka, alitupima kwa utepe akitutania jinsi tulivyorefuka. Fedha ilitoka katika kahawa, na kahawa hiyo tuliichuma sisi wenyewe kwa vidole vyetu, tukaimenya kwa mashine ya mkono na kuianika. Kwa hiyo asubuhi ya Noeli, mtoto alipoingiza mikono katika shati lenye harufu ya dukani, aliweza kuwataja kwa majina watu wote ambao shati hilo lilipita mikononi mwao. Na shati lilikatwa kubwa makusudi, lipate kufaa Noeli mbili.

Baada ya ibada alichinjwa mbuzi. Nyama haikugawiwa hivi hivi. Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe, kwa umri na kwa udugu. Kipande cha babu hakikuweza kuwa cha mjomba, na kipande cha wanawake kilikuwa chao wala hakuna mwanamume aliyekidai. Mtoto aliyeuliza kwa nini kapewa hiki na si kile alipata jibu lililojaa majina ya watu. Wakati nyama ikiiva na mtori ukitokota, Babu alitutembeza katika migomba, akasimama penye kila kaburi, akatwambia aliyelala pale ni nani na sisi tu nani kwake. Sikumbuki kwamba tulihuzunika. Tulikuwa na nguo mpya, tukiangalia zisishike utomvu wa migomba.

Nimeyasimulia haya kirefu, si kwa kuwa ya kale ni bora kwa sababu ni ya kale, bali kwa kuwa yatusaidia kuona jambo ambalo Baba Krismasi analibadili. Yeye haongezi zawadi, zawadi zilikuwapo. Anachofanya ni kuondoa uso wa mtoaji na kuweka uso wake. Je, kuondoa huko ni uongo wa kulaumiwa?

Wenye hekima hawakupatana juu ya uongo wa hisani. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, aliruhusu raia wa mji wake wa mawazoni wasimuliwe ngano ya kwamba Mungu alichanganya dhahabu, fedha, chuma na shaba katika maumbile yao, ili kila mtu aridhike na daraja lake. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alishika upande wa pili bila kulegeza: hata mwuaji akikuuliza kama rafiki yako amejificha nyumbani mwako, huna ruhusa ya kumwambia uongo. Kabla yake kwa karne nyingi alikuwapo Augustino, Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria. Yeye pia aliukataa uongo wa kila namna, lakini kabla ya kuukataa aliuweka mzaha kando, kwa kuwa sauti na uso wa afanyaye mzaha humfahamisha asikiaye kwamba hadanganywi.

Lakini sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kusafiri mpaka Hippo ili tuupate mpaka huo. Bibi aketiye na wajukuu usiku huanza kwa kuita, 'Hadithi! Hadithi!' Nao humwitikia, 'Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!' Fikiri, msomaji, jinsi itikio hili lilivyo la ajabu. Sungura hajasema neno, simba hajanguruma, na tayari watoto wameutaja uongo kwa jina lake na kuualika uingie. Huo ni mkataba. Hadanganywi yule aliyeuita uongo mwenyewe, akauketisha, akaomba ukolee. Anayempa uongo huo hampokonyi kitu. Nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi huandika kwamba maneno hayo ni kianzio tu, yaani mlango wa hadithi. Mimi naona kwamba mlango huo una kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo umo mikononi mwa watoto.

Sasa twamwona Baba Krismasi alivyo. Yeye haitwi. Habari zake husemwa kwa sauti ileile ambayo kwayo mtoto huambiwa kwamba kesho kutakuwa na mvua au kwamba shangazi atafika kwa basi la jioni. Wako wazazi ambao hutengeneza hata ushahidi: biskuti iliyoumwa nusu, alama za viatu karibu na dirisha, barua yenye mwandiko wa kugeuzageuza. Mzaha haudai ushahidi. Mtu akianza kutengeneza ushahidi, amekwisha toka katika hadithi na kuingia mahakamani.

Nikubali, hata hivyo, kwamba mtoto mchanga sana haishi upande mmoja wa mpaka huo. Mtoto wa miaka mitatu apikaye ugali wa mchanga na kukukaribisha hakuombi uthibitishe kwamba umeshiba. Kwake dunia nzima imekwisha kuitwa, na utamu umekolea tangu asubuhi. Kumsimulia habari za mzee mwenye gunia ni kuingia katika mchezo ambao yeye ndiye mwenyeji wake, na sioni dhambi katika hilo. Dhambi, kama ipo, yaanza siku ile mtoto atokapo katika mchezo kwa miguu yake mwenyewe na kuuliza.

Mfano mashuhuri wa swali hilo ni wa msichana wa New York, Virginia O'Hanlon, ambaye mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 8, alililetea gazeti la The Sun barua ya kuomba aambiwe kweli kama mzee huyo yupo. Wenzake wadogo walikuwa wamemwambia kwamba hayupo. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba yasemwayo na gazeti hilo ni kweli. Mhariri Francis Pharcellus Church alimjibu katika toleo la tarehe 21 Septemba, na jibu lake limechapishwa tena na tena mpaka leo. Alisema kwamba yupo, kama vile upendo na ukarimu ulivyopo, ijapokuwa havionekani. Ni jibu zuri, na wengi wamelilia machozi. Lakini msichana yule hakuuliza habari za ukarimu. Aliuliza ni nani aletaye zawadi, akajibiwa swali jingine ambalo mkubwa alipenda kulijibu zaidi. Neno 'yupo' liligeuzwa maana kati ya midomo yake na kalamu ya mhariri, wala hakuambiwa kwamba limegeuzwa.

Nyumbani mwangu swali lilikuja usiku, mwaka juzi, nilipokuwa nikifunga chandarua. Binti yetu, wa miaka sita wakati huo, alisema, 'Baba, ni wewe?' Nikaanza, kama kazi yangu ilivyonizoeza, kumwambia kwamba hapo zamani palikuwa na askofu mmoja. Akanikatiza: 'Mimi sitaki hadithi. Nataka kujua.' Katika madarasa yangu yote sijasikia mtu aliyeutenga uwanja wa hadithi na uwanja wa habari kwa maneno machache kiasi hicho. Nikamwambia kwamba ni mama yake na mimi. Alinyamaza kitambo, akauliza bei. Nilipomtajia, alisema kwamba ni ghali. Kisha nikamwuliza kama yafaa tumwambie na mdogo wake. Akafikiri, akajibu, 'Yeye hajauliza.' Tangu usiku ule yeye ndiye aiwekaye zawadi ya mdogo wake, na huiweka kwa siri kubwa kuliko niliyoweza kuitunza mimi.

Hata hivyo, kama ubaya wa Baba Krismasi ungekuwa ni uongo wake tu, nisingeuandikia insha. Watoto wengi huvuka siku ile ya kujua bila kidonda. Kilicho kibaya zaidi ni cheo alichopewa cha hakimu. Huko Uholanzi askofu huja na kitabu kikubwa chenye matendo ya watoto. Katika Austria na Bavaria huandamana na Krampus, mwenye pembe na fimbo. Na yule wa Marekani ana orodha ya wema na watundu. Wazazi wetu wa mijini wameuona upesi ufaafu wa orodha hiyo. 'Ukilia, hatakuletea.' 'Maliza chakula, anakuona.' Ni kiboko kisichoacha alama, na ambaye hukishika hana haja ya kuinuka kitini.

Lakini mtoto ni mjuzi wa mantiki kuliko tudhanivyo. Akiambiwa kwamba wema hupata na wabaya hukosa, ataigeuza kauli hiyo na kuisoma kutoka mwisho: aliyekosa alikuwa mbaya. Na waliokosa hawako mbali. Mtoto wa mlinzi wa lango yuko palepale langoni. Mtoto wa dada wa kazi yuko kijijini kwa bibi yake, naye dada huyo ndiye aliyewaogesha watoto wetu na kuwavisha kwa ajili ya karamu. Mzee ajuaye yote, mwenye magari yarukayo juu ya dunia nzima katika usiku mmoja, aliwapita. Mtoto mwenye baiskeli mpya hana njia ila mbili: ama wale ni wabaya, ama mzee yule hakuwaona. Wala yeye mwenyewe hasalimiki, kwa maana hujifunza kuipima tabia yake kwa ukubwa wa sanduku. Hapo tumerudi kwa Plato bila kujua. Tumewatilia watoto wengine dhahabu na wengine shaba, tukaiita ngano hiyo furaha ya sikukuu.

Linganisha na mwaka ambao kahawa yetu ilishikwa na chulebuni, matunda yakaoza mitini kabla hayajaiva. Mwaka huo nguo mpya hazikuwapo. Tulilia, sikatai. Lakini tulijua tunachokililia: mvua ilikuwa nyingi, ugonjwa uliingia, dawa ilikuwa ghali, Baba alikwisha kukopa. Kukosa kwetu kulikuwa na sababu yenye jina, na katika sababu hizo zote haikuwamo hata moja iliyotwambia kwamba sisi tu watoto wabaya.

Hapo mtetezi wa Baba Krismasi ana neno, na neno lake lina nguvu kuliko wengi wanavyokiri. Atasema: zawadi yenye uso hugeuka deni. Mzazi aliyeonekana akitoa ataukumbusha mkono wake mwezi wa saba: 'Nani alikununulia viatu hivyo?' Baba Krismasi hapeleki ankara. Na mtetezi huyo akitaka ushahidi zaidi, na aje kwetu mlimani, nami nitamwonyesha. Noeli ya kihambani, ambayo nimeisifu hapo juu, ni mizani ya kikatili. Watu huhesabu nani kaja na gari na nani kaja kwa basi, nani kaleta mbuzi na nani kaleta maneno. Nguo za watoto huwa cheti cha mafanikio ya baba yao, na watoto husimamishwa mbele ya jamaa wakitazamwa kama mali iliyoletwa sokoni. Nimewajua wanaume waliobaki Dar es Salaam wakisema kwamba wamepangiwa zamu kazini, hali hawakupangiwa zamu yoyote. Mkono ulikuwa mtupu, wakaona afadhali wakosekane kuliko waonekane. Miaka mitatu ya zamu za namna hiyo, na watoto wao hawayajui makaburi ya babu zao.

Claude Lévi-Strauss, bingwa Mfaransa wa elimu ya mila za watu, alilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Tarehe 23 Desemba 1951, katika mji wa Dijon, sanamu ya Baba Krismasi ilitundikwa kwenye kanisa kuu na kuchomwa moto mbele ya mamia ya watoto, kwa ridhaa ya mapadri waliomshutumu kwamba ameinyang'anya Noeli mwenyewe. Siku ya pili yake akaonekana tena hai juu ya paa la jumba la mji. Katika makala aliyoitoa mwaka 1952, Lévi-Strauss hakuuliza kwa nini watoto humwamini, maana hilo si ajabu. Aliuliza kwa nini watu wazima wamemzua. Jawabu lake, kwa kadiri niwezavyo kulifupisha, ni kwamba wakubwa wana kiu ya kuona, angalau kwa usiku mmoja, utoaji usio na hesabu. Nao kwa kuwa hawawezi kuuamini wenyewe, huwaazima watoto imani hiyo. Akaongeza kwamba katika sikukuu za kipupwe watoto hukaa mahali pa wafu: tuwapapo wao, twawapa waliokufa, na twaomba tuachiwe utamu wa kuishi.

Nilipoisoma makala hiyo kwa mara ya kwanza niliiweka chini, nikakumbuka Babu katika migomba, na sisi nyuma yake na nguo zetu mpya, kaburi baada ya kaburi. Mfaransa yule hakufika kwetu, walakini sidhani kwamba angeshangaa. Jambo moja tu nalitofautiana naye, au labda nalitofautisha: kwetu wafu walikuwa na majina, na mtoto aliambiwa wazi kwamba yu mahali pa nani.

Basi turudi kwa askofu wa Myra, kwa maana katika kisa chake mna jambo ambalo warithi wake wamelisahau. Yasimuliwa kwamba palikuwa na mtu aliyefilisika, mwenye binti watatu, asiye na mahari ya kuwaozea kama desturi ya huko ilivyotaka, hata ikawa karibu kuwatoa wauzwe kwa aibu. Nikolasi alipita usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu yule baba alivizia, akamshika, akamjua. Naye Nikolasi akamtaka aape kwamba hatamtaja.

Huyu naye alijificha. Lakini angalia, msomaji, alijificha kwa ajili ya nani. Dhahabu haikuwa malipo ya tabia ya wasichana wale. Hakuna aliyeuliza walikula vizuri au walilia. Wala haikuanguka mikononi mwao. Ilianguka katika nyumba ya baba yao, ili baba mwenyewe apate kuwaoza binti zake kama baba afanyavyo. Kiswahili kinalo neno la jambo hili, na sijui lugha nyingine ilitamkalo vizuri hivyo: sitara. Kumsitiri mtu si kumdanganya, ijapokuwa mara nyingine twahitaji giza ili tumsitiri. Baba Krismasi wa madukani ni kinyume cha Nikolasi kwa kila kipimo. Yeye huonekana, mzazi hujificha. Yeye huwapa walionacho, hupita malango ya wasionacho. Nikolasi alimrudishia baba maskini uso wake mbele ya watoto. Huyu huuondoa uso wa kila baba, na wa kila mama, tajiri kwa maskini.

Naona hapa wengine wataniambia kwamba sitara nayo ni uongo, na kwamba nimemtoa Kant kwa mlango wa mbele nikamruhusu Plato aingie kwa dirisha la Nikolasi. Yawezekana. Nina kisa kimoja ambacho kwa zaidi ya miaka 30 nimeshindwa kukihukumu.

Mwezi wa Julai 1989 mkataba wa mataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa kwa nchi ziizalishazo ulivunjika, na bei ya kahawa ikaanguka duniani kote. Sisi watoto hatukulijua neno mkataba. Tulijua kwamba gulioni mama zetu waligusa vitambaa bila kuuliza bei. Katika mwaka mmoja uliofuata anguko hilo, tarehe 23 Desemba, nilitumwa kwa fundi kuchukua kaptula ya kaka yangu. Nilimkuta jirani yetu mmoja, baba wa watoto watano, amesimama kando ya cherehani na kofia mkononi. Alikuwa amepeleka vitambaa mapema, alipokuwa bado na tumaini, na sasa alikuja kuomba apewe nguo moja tu, ya yule mdogo, zile nne zikae mpaka atakapopata.

Fundi alilifungua daftari lake la madeni, akapitisha kidole, akasema bila kuinua macho, 'Mbona ulilipa zote, mzee? Mwezi wa sita. Umesahau.'

Mwezi wa sita hakuna aliyekuwa na fedha, na jambo hilo tulilijua sote watatu, mimi nikiwamo kwa umri wangu. Aliyelipa sikumjua, wala sikuwahi kusikia akitajwa. Labda hakulipa mtu. Yule baba alimtazama fundi muda mrefu. Kisha akasema, 'Kweli. Nimesahau.' Akapewa nguo tano zilizofungwa katika gazeti, akaondoka kwa njia ya mfereji, ambayo ni ndefu zaidi lakini haipiti penye watu.

Kant angewahukumu wote wawili, na sioni jinsi ya kumkanusha kwa hoja. Augustino pengine angeuliza uso wa fundi ulikuwaje wakati anasema. Ulikuwa umeinama juu ya daftari.

Asubuhi ya Noeli yule mtoto mdogo alikuja kanisani na gauni la manjano lililomzidi urefu, akasimama mbele yangu, akageuka mara moja ili liinuke na kuzunguka. Aliniambia kwamba amenunuliwa na baba yake. Mimi niliyesimama kando ya cherehani siku mbili kabla, nilimjibu kwamba ni zuri.